Bonde lililo Juu kuliko Kilima: Habari za Mzabibu wa Naivasha

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Naivasha kwa njia ya chini, ile iteremkayo ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, hupita karibu na kanisa dogo sana lililojengwa kando ya barabara mwaka 1942. Walioijenga barabara hiyo, na kanisa pamoja nayo, walikuwa mateka wa vita wa Kiitalia. Walishindwa katika Uhabeshi na Somalia mwaka 1941, wakaletwa Kenya kwa maelfu, wakawekwa katika makambi. Watu wengi husimama hapo, wakatazama, wakapiga picha, wakaenda zao. Ni wachache wajiulizao watu wale walikuwa nani kabla ya kushika bunduki. Nchi ya Italia imegawanyika katika majimbo 20, na hakuna hata moja lisilolimwa mizabibu. Kwa hiyo si ajabu kama wengi wa mateka wale walizaliwa katika nyumba ambazo kazi ya kupogoa mzabibu hujulikana kama kupalilia mahindi kunavyojulikana kwetu. Lakini hapa hawakuletwa kupanda mizabibu. Walivunja mwamba, wakatengeneza njia, na vita ilipokwisha wengi wao wakarudishwa kwao.

Yapata miaka 50 baadaye, katika miaka ya 1990, mizabibu ya divai ilipandwa katika shamba la Morendat, karibu na Naivasha. Miche yake haikutoka Italia bali Afrika ya Kusini. Divai ya shamba hilo hutengenezwa na Rift Valley Winery, nayo huuzwa kwa jina la Leleshwa, jina la kile kichaka chenye majani ya rangi ya majivu na harufu ya kafuri, ambacho kila mtu wa Gilgil na Nakuru anakijua kwa makaa yake, na Wamasai kwa harufu yake nzuri. Hayo yamewafanya wakulima wengine waulize: Je, bonde letu laweza kuwa nchi ya divai? Na ikiwa laweza, mtu mwenye ekari mbili au tatu atapata nini?

Swali hilo halijibiwi kwa maneno mepesi. Yafaa kwanza tutazame mahali ambapo mzabibu umekwisha kuwafanya watu kuwa matajiri, tuone ulifanyaje.

Katika miji ya vilimani ya Italia isifiwayo kwa divai, tumechagua mmoja uitwao Montalcino, katika jimbo la Toscana, kusini mwa mji wa Siena. Umekaa juu ya kilima chenye kimo cha futi 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari. Una ngome ya mawe iliyojengwa mwaka 1361, na njia zake ni nyembamba, zenye kupanda na kushuka. Watu wake ni wachache kuliko watu wa mtaa mmoja wa Nakuru. Jina lake, yasemekana, latokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya mlima wa mialoni. Na hapo twaona kwamba watu wa huko, kama wale wa Morendat, waliona fahari kujiita kwa mti wa porini mwao.

Wazee wa Montalcino hawakupanda kilimani kwa ajili ya divai. Walipanda kwa hofu. Mabonde ya chini kuelekea pwani yalikuwa na vinamasi, na malaria iliua watu wengi. Na kila jeshi lililopita lilipita bondeni. Mwaka 1555, mji wa Siena uliposhindwa na adui zake, watu wake wengine walikimbilia Montalcino, wakaendelea kujitawala humo kwa miaka minne nyuma ya kuta zake, mpaka mwaka 1559. Mzabibu ulifuata watu kilimani, nao ulipendezwa na mahali hapo kwa sababu zake wenyewe. Mzabibu hauvumilii miguu yake kukaa majini. Katika mteremko maji hushuka upesi, na udongo usio na rutuba nyingi huuzuia usijae majani matupu. Mti wenye majani mengi huzaa zabibu nyingi zenye maji maji. Mti uliobanwa kidogo huzaa chache zenye utamu na harufu.

Hapa msomaji wa Nakuru atacheka. Maana maji ya Ziwa Naivasha yako katika kimo cha futi 6,100 na zaidi, na mji wa Nakuru uko karibu na kimo hicho hicho. Bonde letu twaliita bonde kwa sababu twalitazama kutoka Kinangop au kutoka Mau. Lakini sakafu yake iko juu zaidi ya mara tatu ya kilima cha Montalcino. Mwitalia akija hapa, ni yeye atakayetazama juu.

Kimo hicho ndicho kiwezeshacho mzabibu kuishi hapa. Kila mtu apandapo futi 1,000, hewa hupoa kwa digrii 2 hivi za sentigredi. Lau Naivasha ingekuwa katika usawa wa Mombasa, zabibu zingeiva haraka kwa joto, zikawa na sukari tele bila ule uchachu uipao divai uhai. Uchachu huo hulindwa na baridi ya usiku, na mtu yeyote aliyelala Naivasha mwezi wa Julai hahitaji kuambiwa habari ya baridi ya usiku. Tena nchi ile imekaa katika kivuli cha mvua kati ya milima ya Nyandarua na Mau, na udongo wake ni wa majivu ya volkano, wenye kupitisha maji upesi. Kwa hewa na udongo, basi, bonde halina aibu.

Lakini liko jambo moja ambalo kimo hakiwezi kulitengeneza, nalo ni usingizi.

Montalcino iko mbali kaskazini mwa Ikweta. Mwezi wa Juni mchana wake ni wa saa 15, na Desemba ni wa saa 9 tu. Baridi ianzapo, majani ya mzabibu hugeuka rangi na kuanguka, na mti hubaki kama fimbo kavu. Mtu asiyejua angesema umekufa. Kumbe umelala, umehifadhi nguvu zake katika shina na mizizi. Joto lirudipo karibu na Aprili, macho yote hufunguka kwa wakati mmoja, maua hutoka pamoja, na kufika Septemba au Oktoba zabibu zote zimeiva pamoja. Mvunaji hupita mara moja, kazi imekwisha.

Naivasha haifiki maili 60 kutoka mstari wa Ikweta. Mchana wake ni wa saa 12, Januari kama Julai. Hakuna kitu kinachouambia mzabibu, “Lala sasa.” Ukiachwa hivi hivi, huchipuka mwaka mzima bila mpango. Tawi hili lina maua, lile lina zabibu mbichi, lile jingine lina zilizoiva, na mti wote unachoka upesi na kuzeeka kabla ya siku zake. Zabibu za namna hiyo zaweza kuliwa, lakini haziwezi kufanya divai njema, kwa kuwa mbichi na mbivu huingia pipani pamoja.

Kwa hiyo mkulima wa Ikweta hana budi kufanya kazi ambayo Montalcino hufanywa na theluji na siku fupi. Akisha kuvuna, hupunguza maji ya kumwagilia, akauacha mti upumzike. Kisha hushika mkasi wa kupogoa, akakata matawi yote ya mwaka uliopita, akaacha vipande vifupi vyenye macho mawili au matatu tu. Ukataji huo ndio unaouamsha mti, na mashamba mengine hupaka dawa juu ya macho yaliyobaki ili yafunguke kwa pamoja. Tangu siku ya kupogoa mpaka mavuno ni yapata miezi mitano au sita, kwa kadiri ya aina ya mzabibu na ubaridi wa mahali.

Hapo shida yageuka kuwa faida. Mkulima wa Montalcino hawezi kuchagua mwezi wa kuvuna, na mvua ya Septemba ikimkuta, ndiyo imemkuta. Wa Naivasha aweza kuhesabu. Zabibu zikaribiapo kuiva huchukia mvua kuliko kitu kingine chochote; hunywa maji, hupasuka, na ukungu huingia. Basi akipogoa katika Agosti, mavuno yake huangukia Januari na Februari, miezi mikavu, kabla ya mvua kubwa za Machi. Huko Dodoma katika Tanzania, ambako jua ni kali zaidi, wakulima hupogoa mara mbili na kuvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Mwitalia wa kilimani hawezi hata kuliota.

Msomaji asidhani kwamba baada ya hapo mti hujilea. Ugonjwa uitwao ubwiri unga hufunika majani na vichala kwa vumbi jeupe, nao hupenda hali ya hewa kama ya kwetu, yenye mchana mkavu na umande wa asubuhi. Dawa yake ya zamani ni salfa, na yatakiwa kupulizwa kabla ugonjwa haujaonekana, maana ukisha kuonekana umechelewa. Tena wako ndege. Wakati zabibu zinapoanza kugeuka rangi, kuzumburu na kwera hufika asubuhi na mapema kuliko mkulima, na shamba lisilo na nyavu laweza kutobolewa tobolewa lote katika juma moja.

Sasa tuseme kidogo jinsi zabibu zinavyogeuka kuwa divai. Kwa watu wa Rift Valley jambo hili si geni sana. Wazee wa Kikuyu walipotengeneza pombe ya asali, walitia ndani yake tunda la mti wa mvungunya, waliloliita muratina, likiwa limepasuliwa, likachemshwa na kukaushwa juani. Katika nyuzi za tunda hilo hukaa hamira, na hamira ndiyo ilayo sukari ya asali na kuigeuza kileo. Zabibu hazihitaji muratina, maana hamira ya porini huja nazo kutoka shambani juu ya maganda yake; ingawa viwanda vya siku hizi hutia hamira iliyochaguliwa ili mambo yasiende ovyo. Rangi ya divai nyekundu hutoka katika ganda. Maji ya zabibu nyingi nyekundu, yakikamuliwa peke yake, ni meupe. Yakiachwa siku kadhaa pamoja na maganda, hupata wekundu na ule ukakasi unaokaza ulimi.

Tofauti kubwa ni subira. Muratina hunywewa baada ya siku chache, na ikikaa sana huharibika. Divai kuu ya Montalcino iitwayo Brunello haiwezi kuuzwa, kwa sheria, kabla ya Januari ya mwaka wa tano baada ya mwaka wa mavuno yake, na katika muda huo yapasa ikae si chini ya miaka miwili katika mapipa ya mwaloni. Fikiri, Bwana mkulima, juu ya jambo hilo. Ni kama mtu avunaye mahindi yake leo, akayafungia ghalani, na kusubiri bei mpaka mtoto wake wa darasa la tatu awe amemaliza shule ya msingi.

Tena sifa hiyo si ya kale kama kuta za mji. Karne nyingi Montalcino ilijulikana kwa divai nyeupe tamu iitwayo Moscadello. Katika karne ya 19, jamaa ya Biondi Santi walianza kuchagua mizabibu iliyo bora ya aina ya Sangiovese na kuifanya divai yake peke yake, pasipo kuichanganya na nyingine. Na chupa zao zilizo kuukuu zaidi ni za mavuno ya mwaka 1888. Hata hivyo divai hiyo ilikuwa ya watu wachache. Watu wengi wa pale walikuwa wakulima wa nusu kwa nusu. Shamba lilikuwa la tajiri, kazi ilikuwa ya mkulima na jamaa yake, na mavuno yaligawanywa. Wazee wetu wanaokumbuka maisha ya maskwota katika mashamba ya walowezi watayaelewa hayo upesi. Mwaka 1964 sheria ya Italia ilikataza mikataba mipya ya namna hiyo. Na vijana wengi walikuwa wamekwisha kuhama kwenda kutafuta kazi mijini. Mizabibu ya Brunello wakati ule haikufika hata hekta 100.

Kilichoibadili hali hiyo, kwa maoni yetu, ni kanuni zaidi ya jua. Mwaka 1966 serikali iliandika mipaka ya nchi iruhusiwayo kuitumia jina la Brunello di Montalcino, na mwaka 1967 wenye mashamba wakaunda chama chao. Walikubaliana kwamba zabibu ziwe za Sangiovese tupu, zitoke katika ardhi ya Montalcino tu, na mtu asivune zaidi ya tani 8 kwa hekta hata kama shamba lake laweza kutoa zaidi. Mwaka 1980 divai yao ikapewa daraja la juu kabisa la sheria ya Italia. Leo mizabibu ya Brunello imezidi hekta 2,000. Kanuni hizo hazikukosa watu wa kuzijaribu: mwaka 2008 wakuu wa sheria walichunguza watengenezaji kadhaa walioshukiwa kuchanganya zabibu nyingine, na divai nyingi ilizuiliwa isiuzwe. Habari hiyo iliwaumiza hata waliokuwa waaminifu. Lakini kanuni ya Sangiovese tupu haikubadilishwa.

Tukirudi kwetu, mfano wa karibu zaidi wa wakulima wadogo ni Dodoma. Huko mzabibu uliletwa na wamisionari wa Kiitalia katika misheni ya Bihawana mwaka 1957, nao ulitoka misheni ukaingia katika mashamba ya Wagogo, mpaka ukawa zao la biashara la mkoa. Hali ya Dodoma yafundisha mambo mawili. La kwanza, mtu wa ekari moja aweza kabisa kuutunza mzabibu. Si kazi ya matajiri tu. La pili ni chungu. Zabibu za divai si mahindi ya kuwekwa ghalani. Zikisha kukatwa, zina siku chache tu kabla hazijaoza, na mnunuzi wake ni kiwanda. Mwaka ambao viwanda vimejaa, au havina fedha, mkulima hubaki na vichala vyake mkononi, akivitazama vikinyauka. Na hayo wakulima wa Dodoma wameyalalamikia mara nyingi.

Naivasha hali ni nyingine tena. Shamba la Morendat ni la kampuni, ile ile ijulikanayo kwa biashara ya makadamia, Kenya Nut Company, nayo hulima zabibu zake na kutengeneza divai yake. Hakuna umati wa wakulima wadogo wanaoliuzia. Isitoshe, ardhi iliyo karibu na ziwa ina mpinzani mwenye nguvu. Mawaridi huanza kukatwa kabla mwaka haujaisha tangu kupandwa, ilhali mzabibu huchukua miaka mitatu kabla ya kutoa mavuno ya maana. Maji nayo yana wadai wengi. Halafu iko sheria. Mtu hawezi kutengeneza divai nyumbani kwake na kuiuza bila leseni, na tangu mwaka 2010 sheria ya vileo imekuwa kali kuhusu nani auze, wapi, na saa ngapi. Sheria hiyo watu huiita kwa jina la Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha yenyewe. Kwa hiyo mji ule umetoa divai na pia umetoa kizuizi chake.

Basi, mwenye ekari mbili Subukia au Bahati asing'oe mahindi yake kwa sababu ya kuona chupa dukani. Asipokuwa na mkataba ulioandikwa wa mtu atakayezinunua, zabibu za divai ni hatari kwake. Zabibu za kula ni jambo jingine. Nyingi zionekanazo katika maduka ya Nairobi hutoka Afrika ya Kusini na Misri, na mtu anayeishi saa mbili au tatu kutoka soko hilo hahitaji kiwanda ili auze kichala.

Atakaye kujaribu na aanze na miti michache, mahali palipo wazi kwa jua la asubuhi na pasipotuama maji. Asimike nguzo imara na kuvuta waya mbili kabla ya kupanda, wala si baada yake, maana mizizi michanga haipendi kusumbuliwa. Mwaka wa kwanza achague chipukizi moja lililonyoka, alifunge kwenye kijiti, na kuyakata mengine yote. Maua yakitokea mwaka huo na wa pili, ayaondoe, hata kama jirani watamshangaa.